Chumba Kikubwa cha Beltani

Nasikia huko Kishi mnamcheka. Mnasema shangazi yenu Beltani alibaki Uru kwa sababu hakupata mume, kwamba aliipenda pombe yake kuliko watu, kwamba akili kichwani zilikuwa hazimtoshi. Nani kawaambia? Baba yenu Waradi, bila shaka. Yule akifungua mdomo hata nzi anapotea njia. Sasa nyamazeni kidogo, niwaeleze mimi mjomba wake. Nilikaa nyumba ya vibao vya kuandikia mpaka mwalimu akachoka mkono wa kunichapa, kwa hiyo kuandika najua, na haya nayaandika kwa kuwa nilikuwepo. Kila jambo kubwa lililotokea mtaa wetu mimi nilikuwepo. Mengine yalinisubiri nifike ndipo yakatokea.

Kwanza muujue mji, maana nyinyi mmezaliwa kwa watu. Babu yake Beltani alipojenga ile nyumba nyuma ya gati, Uru ilikuwa mji wa kukanyagana. Ukitaka kuvuka njia asubuhi unasubiri punda wapite, na punda hawaishi. Vyombo vinaingia kutoka Dilmuni, ng'ambo ya bahari, vimebeba shaba, na lulu, na magogo yanayonukia, na wachukuzi wanatukanana kwa lugha ambazo hata makuhani wa Nanna, mungu wetu wa mwezi, hawakuzijua. Kupata chumba karibu na gati ilikuwa mpaka mtu afe, na wakati mwingine mtu alikufa na bado chumba hukipati. Hakuna aliyejenga kwa upana. Tulijenga kwenda juu, na wafu wetu tukawaweka chini, humohumo ndani. Sisi juu ya sakafu, wao chini ya sakafu, ukoo mmoja.

Na ndani ya chumba kikubwa, bomba la udongo limechomoza sakafuni kama shingo ya mtungi. Siku mwezi unapopotea, mwenye nyumba anawaita wazee wake kwa majina, anamega mkate, anamimina maji baridi na pombe kwenye bomba. Wakinyweshwa wanatulia. Wasiponyweshwa wanapanda juu kutafuta wenyewe, na siku zote wanaanza na watoto.

Halafu maji yakaanza kutukimbia. Wengine walisema mfalme wa kaskazini ameuziba mto kwa hasira, kwa sababu watu wa huku walimwasi. Wengine wakasema mto umejihamia wenyewe, kama mke aliyechoka. Mimi tangu mwanzo nilisema ni yote mawili, na hakuna aliyenisikiliza. Kuta za mji zikabomolewa. Gati likabaki limening'inia juu ya matope. Wakaondoka wafanyabiashara, wakaondoka makuhani wadogo, wakaondoka waashi karibu wote, mwisho akaondoka kinyozi, na hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika kweli. Tulikaa kama mbuzi na ndevu zetu.

Ni wakati huo Imgursini, baba yake Beltani, alipofariki. Tulimweka chini ya sakafu kando ya mkewe, Naramtani, ambaye ni dada yangu wa tumbo moja. Kisha tukakaa uani kugawana. Desturi mnaijua: mwana mkubwa anapewa chumba kikubwa, na kigoda cha baba, na wafu. Mwana mkubwa ni Waradi. Basi Waradi, ambaye tangu utoto alikuwa akinyang'anya hata kitunguu mdomoni mwa mwenzake, siku hiyo akawa mpole kama aliyetoka kuogeshwa.

"Mjomba," akaniambia mbele ya mashahidi, "mimi naona dada yetu ameonewa sana."

"Kaonewa na nani?"

"Na maisha."

"Maisha yapi? Si wewe uliyeuza mbuzi wake?"

"Mjomba, leo ni siku ya heshima, usianze." Akamshika Beltani mkono, akamkalisha kwenye kigoda cha baba yao. "Nyote shuhudieni. Kuanzia leo huyu si dada yangu. Huyu ni kaka yangu mkubwa. Chumba kikubwa chake, kigoda chake, bomba lake. Mimi na Puzuru ni wadogo zake."

Wanawake wakapiga vigelegele. Puzuru, ambaye ni mdogo wao wa mwisho na hajawahi kuwa na wazo lake mwenyewe, akapiga makofi. Na Beltani akalia kwa furaha, maskini. Tangu azaliwe alikuwa akilala jikoni kati ya mitungi ya pombe, leo ana chumba chenye mlango! Mimi nilinusa kitu, pua yangu haijawahi kunidanganya, lakini ningesema nini? Binti kafanywa mwana mkubwa mbele ya watu, nimwambie avue heshima?

Kesho yake waashi wa mwisho waliobaki mjini wakaja kuziba mlango kati ya chumba cha Beltani na vyumba vya wale wawili, ili kila mtu ajue chake. Wakagonga mchana kutwa, sakafu ikitetemeka. Plasta haijakauka, Waradi na Puzuru wamekwisha kung'oa milango yao na boriti za dari, wamezipakia kwenye mashua ya Gimilu, na wao wenyewe juu yake, na nyinyi wakubwa mkiwa tumboni mwa mama zenu.

"Tutarudi mwakani kukusaidia kutambika!" Waradi akapiga kelele kutoka mashuani.

"Basi tuachieni taa ya kuwatafutia!" nikamjibu. Hakusikia, au alijifanya.

Ndivyo Beltani alivyofungwa. Hakuna aliyemfunga kamba. Mlango ulikuwa wazi mchana kutwa, maana alikuwa akiuza pombe ya shayiri na wateja wanaingia. Lakini mwenye bomba haondoki.

Huyo Gimilu ni mwenye mashua ya matete iliyopakwa lami. Mtu mrefu, mkimya, masikio makubwa, wa ukoo wa watu wa kwenye mabwawa. Alikuja kila mafuriko, maji yakiwa mengi, akileta shayiri na kuondoka na majirani. Msimu huu kachukua familia ya mfinyanzi, msimu ujao kachukua wafuma nguo. Na kila msimu, kabla ya kung'oa mti wake wa kuegeshea, anaingia kwa Beltani, anakunywa kwa mrija polepole, anasema:

"Na wewe?"

"Na mimi nini?"

"Twende. Kishi kuna maji. Nitakuoa."

"Nani atawanywesha?"

"Kaka zako."

"Kaka zangu wako wapi, Gimilu? Watazame, wamekaa hapo nyuma yako?"

Anatazama nyuma kweli, yule mwehu. Halafu anamaliza pombe yake, anakwenda.

Mimi nilijaribu kwa upande wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, tuwachimbe, tuwaweke kwenye mtungi, tuondoke nao." Akanitazama kama nimemtemea mate kwenye unga. Anayefukua mifupa ya watu ni adui, mfupa ukihamishwa unasahau jina lake. Nilijua hayo. Nilitaka tu kuona kama yeye anajua.

Na wale wa Kishi hawakumwacha apumue. Kila msimu Gimilu alikuja na ujumbe wa mdomo, anausema kama alivyopewa, macho yameangalia ukuta kwa aibu. "Waradi anasema: mtoto wa Puzuru ana homa, umewanyima maji? Waradi anasema: mke wangu kaota mama mkwe amesimama mlangoni midomo imekauka, unafanya kazi gani huko? Waradi anasema: wewe ndiye kaka mkubwa, kumbuka heshima tuliyokupa."

Basi Beltani anaongeza. Alikuwa akimimina bakuli, akaanza kumimina mtungi. Shayiri ikipungua anapunguza ya wateja, ya bomba hapunguzi. Visima vya mtaani vikaanza kuingia chumvi. Akawa anakwenda mpaka kisima cha hekaluni, kule kwenye mnara, anarudi na maji matamu kichwani, anapita mitaa mizima yenye milango iliyong'olewa, na hayo maji matamu yeye mwenyewe hayaonji. Sisi tulikunywa ya chumvi. Nilikasirika, nasema ukweli.

"Mimi niko hai na ninakunywa chumvi! Wao wamekufa wanakunywa matamu!"

"Basi kufa, mjomba, nitakupa."

Ulimi huo aliurithi kwangu.

Ikafika msimu mmoja Gimilu akaja, na kabla hata hajakaa akaweka upondo wake wa kusukumia mashua ukutani, matope yamepanda mpaka katikati.

"Tangu mji wa Larsa nimekuwa nikisukuma matope," akasema. "Mafuriko yamekuja mafupi. Na hii ni mara ya mwisho, Beltani. Kesho jua likifika kichwani, kama sijatoka, sitoki. Na nikitoka sirudi tena, hakuna pa kurudia."

Mwezi ulikuwa ukipotea, kesho yake siku ya bomba. Mtaani tulikuwa tumebaki mimi, Beltani, na vikongwe wachache ambao hawakujua kama wengine wameondoka. Hata kisima cha hekaluni, asubuhi ile Beltani alikuwa ameonja maji yake akatema. Akatugeukia mimi na Gimilu.

"Siwezi kuwapa wazee maji ya chumvi," akasema. "Hilo ni tusi. Kesho nitawamiminia pombe yote iliyobaki kwenye mtungi mdogo, niwaage, niwaambie wamfuate Waradi wakitaka kunywa. Nyingine pakia, Gimilu. Tutauza njiani."

Gimilu alisimama mdomo wazi. Nilimkanyaga mguu. "Umeambiwa pakia! Unasubiri wimbo?"

Tukapakia jioni ileile: mitungi ya pombe, masufuria yake, kigoda cha baba yake, na furushi langu, ambalo lilikuwa dogo kwa sababu mtu wa maana habebi vitu.

Asubuhi Beltani akavaa nguo safi, akapiga magoti kwenye bomba. Akaita majina: babu yake, bibi yake, Imgursini, Naramtani, na kale katoto ka dada yangu kalikofariki kabla ya kupewa jina, alikokaita "wewe mdogo". Akamega mkate. Akamimina. Na pombe ikarudi. Ikapanda kwenye shingo ya bomba, ikafurika, ikatambaa sakafuni mpaka kwenye magoti yake.

"Wameikataa," akasema. Uso wake ulikuwa mweupe kama chumvi. "Mjomba, wameikataa. Wamejua naondoka."

"Bomba limeziba, mwanangu. Bomba huziba."

"Siwezi kuwaacha wamekasirika."

"Basi tulizibue. Nipe jembe." Na nilichimba mimi, kwa mikono hii, mzee kama nilivyo, na nilichimba vizuri kuliko mchimba kaburi yeyote wa enzi zile za watu. Gimilu alikuwa gatini akiyalinda maji. Nikang'oa matofali ya sakafu, nikachimba kando ya bomba, na sikuchimba sana. Bomba lilikuwa limevunjika. Pale kwenye kiungo cha kwanza tu, chini kidogo ya sakafu, sehemu ya juu imehamia upande mmoja na ya chini imejaa udongo mkavu. Ni siku ile ya waashi. Wakati wanagonga kuziba mlango wa Waradi, walilikata, wakafunika, wakaondoka.

Tangu siku ile, kila tone alilomimina Beltani liliingia chini ya ukuta. Udongo wa pale ulikuwa umegeuka jiwe kwa chumvi, haukuweza kumeza tena, ndiyo maana pombe ilirudi. Chini, kwa wazee wenyewe, palikuwa pakavu kama tanuri.

Nilianza kucheka. Msinilaumu, nyinyi mngefanya nini? "Beltani! Miaka yote hii hawajanywa hata tone! Na wamefanya nini? Mtoto wa Puzuru kapata homa! Waradi kanenepa! Mwanangu, hawana kazi na wewe, uko huru, ungeweza kuondoka na mashua ya kwanza!"

"Mjomba, nyamaza."

"Nasema tu kwamba..."

"Nyamaza!"

Alikuwa ameshika kipande cha bomba kilichovunjika, anakigeuzageuza. Alitembea na maji kichwani miaka yote ile kwa ajili ya ukuta. Mimi niliona mlango umefunguliwa. Yeye aliona mama yake amelala chini na kiu, na yeye juu amepiga magoti, anajisifu kwa kazi nzuri.

"Mwambie Gimilu arudishe mitungi yote," akasema.

"Yote? Jua linapanda, mwanangu."

"Yote."

Nilikwenda gatini nikimlaani kila mwashi aliyewahi kuzaliwa. Gimilu alinisikiliza, akatazama jua, akatazama maji, akabeba mtungi wa kwanza begani. Alikwenda na kurudi mpaka mashua ikawa nyepesi. Sisi tulifungua mlango wa kaburi, ule wa matofali unaofunguliwa tunapoingiza mtu mpya, na Beltani akashuka mwenyewe na bakuli. Akasema kila mmoja atapewa mkononi. Hataki bomba tena.

Nilikaa kwenye ukingo nikimpa mitungi. Sikuona chini, kulikuwa giza, lakini nilisikia. Kwa babu na bibi alikuwa na adabu, anamimina polepole, anaomba radhi kwa kuchelewa. Kwa katoto aliimba kidogo. Kwa Naramtani alilia, na mimi pia macho yaliniingia vumbi. Halafu akafika kwa baba yake, na pale nilijiinamisha kusikia vizuri.

"Kunywa, baba. Kunywa, usinitazame. Wewe ulimjua Waradi. Ulimjua kuliko mtu yeyote, na bado ukafa bila kusema neno, ukaniacha niwe mwanao wa kiume. Ulipokuwa hai hukuniita mwanao hata mara moja. Ulikuwa ukiniita 'we msichana, leta.' Basi nimeleta. Miaka yote nimeleta. Sijaolewa, sijazaa, nimekaa juu ya kichwa chako kama kifuniko cha chungu. Unanisikia? Kunywa! Bado ipo, kunywa! Leo utashiba mpaka useme basi."

Akamimina mtungi baada ya mtungi. Nilimwambia jua limefika kichwani, akaendelea kumimina. Nilimwambia limepita kichwa, akaniambia nilete mtungi mwingine. Nikasema hakuna mwingine.

Ndipo akapanda juu. Nguo yake safi ilikuwa imeloa pombe na tope, nywele zimejaa utando wa buibui. Lakini uso, jamani! Sijawahi kumwona na uso ule, hata alipokuwa mtoto. Kama mtu aliyetua gogo la Dilmuni.

"Nimemaliza," akasema. "Nimewaambia yote. Hawanidai, siwadai. Twende, mjomba, haraka!"

Tukakimbia. Mimi nilikuwa mbele mwanzoni. Tulipofika gatini mashua ilikuwepo, na Gimilu yumo, amekaa na upondo magotini. Beltani akacheka kwa sauti, akainua mkono kumpungia. Kisha akausimamisha hewani.

Mashua ilikuwa imeegemea upande. Ilikaa kwenye matope kama kuku anayeatamia, na mkondo wa maji, mwembamba kama kamba, ulikuwa ukipita mbali kule katikati.

"Kwa nini hukuondoka?" akamuuliza.

"Niondoke na nani?" Gimilu akasema.

"Ulisema jua likifika kichwani!"

"Nilisema."

"Mashua ilikuwa tupu! Nyepesi! Ungetoka!"

"Ningetoka tupu," akasema yule mtu wa masikio.

Beltani akashuka kwenye matope, yakamfika mapajani, akaweka bega kwenye mashua akasukuma. Gimilu akashuka, akasukuma. Nami nikashuka, nikasukuma zaidi yao wote. Lami ilishika tope na tope likashika lami. Tulisukuma mpaka vivuli vikawa virefu na mkondo ukazidi kujitenga, na Beltani alikuwa akilia na kusukuma na kumtukana mto kwa matusi ya wale wachukuzi wa zamani, mengine sikujua kama anayajua.

Kwa miguu? Mnauliza vizuri, nyinyi wenye visima. Punda walikwisha, visima vya njiani ni chumvi mpaka Larsa, na anayepita njia ya kaskazini bila walinzi anavuliwa mpaka ngozi.

Mwishowe Gimilu akamshika mabega, akamtoa, akamketisha kwenye ngazi za gati. Matope yalikuwa yakimkauka miguuni.

"Mafuriko ya mwakani," Gimilu akasema.

"Umesema mwenyewe hakuna tena."

"Nilisema. Labda nimekosea."

Beltani alikaa akiutazama ule mkondo mpaka ukaacha kung'aa. Kisha akageuka, akamkagua Gimilu kuanzia masikio mpaka vidole vya miguu, kama anayenunua ng'ombe asiyemtaka.

"Unajua kupika mkate wa kuchachushia pombe?"

"Sijui."

"Unajua kuloweka shayiri?"

"Sijui."

"Sasa mwanamume mwenyewe unajua nini?"

"Kusubiri," Gimilu akasema.

Mimi nilicheka peke yangu. Beltani alisimama, akaingia tena kwenye matope mpaka mashuani, akaanza kutupa masufuria yake nje, moja baada ya jingine, na Gimilu akayadaka.